Nje ya Mawe ya Chokaa

Nilipokabidhiwa redio koli kwa mara ya kwanza nilikuwa na cheti cha ualimu ndani ya bahasha na kiburi cha cheti hicho kichwani. Nilikuwa nimemaliza chuo pale Kasulu, nikarudi nyumbani Heru Juu kusubiri ajira, nikasubiri mpaka mama akaacha kuniuliza. Nililima maharage na mihogo na wenzangu ambao hawakwenda chuo, nao wakanitania kwa upole kwamba mwalimu analima kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo kampuni moja ya barabara ilipokuja kutafuta washika bendera wa kipande kilichokuwa kikijengwa kati ya Kasulu na Kibondo, nilijiandikisha siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya mtu kunishauri.

Mshika bendera ni yule unayemkuta njiani amevaa reflekta na kofia ngumu, mkononi ana kibao chenye SIMAMA upande mmoja na PITA upande wa pili. Barabara ikichimbwa nusu, magari hupita nusu iliyobaki kwa zamu. Kunakuwa na geti huku na geti kule. Kati ya mageti yetu mawili kulikuwa na kilometa moja na ushee, kona mbili na vumbi la kutosha kumzika mtu, na hamkuweza kuonana hata mngesimama juu ya meza. Simu hazikufaa, kwa kuwa mtandao kule bondeni ulipatikana ukipanda kichuguu, tena kwa kubahatisha. Kilichounganisha geti na geti ni hizo redio za mkononi.

Tulifundishwa kuzitumia kwa asubuhi mbili chini ya turubai. Mwalimu wetu alikuwa msimamizi wa usalama, mtu wa Mbeya, mrefu, sauti ya chini, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote. Sote tulimwita bosi. Alikuwa mrudiaji. Akisema kitu, alikurudishia ukiseme wewe, kisha akakisema tena yeye. Mimi nilikaa mstari wa mbele, mikono nimekunja, nikimsahihisha kimoyomoyo: hana kielelezo, hajaandika lengo la somo, anawauliza walewale. Nikikumbuka ninajionea haya, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Alitufundisha kuishika redio ikiwa imesimama wima, antena juu, mdomo mbali kama upana wa kiganja. Usiibebe kwa antena, usiitumie kama mpini. Antena ikivunjika, usibonyeze, irudishe. Betri ikivimba irudishe pia, na usibadilishe betri pembeni ya mtu anayejaza mafuta. Alisema hivyo akimtazama dereva wetu wa greda, aliyewahi kukausha redio iliyolowa kwenye jiko la mkaa la mama lishe, mpaka kitufe kikayeyuka kikawa kitu kingine. Halafu namna ya kusema. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme, la sivyo neno lako la kwanza linaliwa. Sema kifupi, achia. Ukiwa umebonyeza husikii mtu, na hakuna mwingine anayeweza kusema mpaka uachie. Na ukiambiwa jambo, rudia ulichoambiwa, ili mwenzako ajue kilichofika.

Mwishoni kulikuwa na habari ya baruti. Mbele yetu kulikuwa na mwamba ambao greda lilishindwa, na ulikuwa ulipuliwe kidogo kidogo. Fataki zinazoamsha baruti zilikuwa za umeme, zimefungwa kwenye nyaya ndefu za manjano. Redio ukiibonyeza karibu na nyaya hizo inaweza kuziamsha fataki bila mtu kuziambia. Kwa sababu hiyo wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili za mwamba, mbali kabisa. Ukiingia ndani ya mawe, redio unaizima. Huipunguzi sauti, unaizima. Ukiwa nje ya mawe, na ukaona hatari, usiogope: bonyeza na useme simamisha mara tatu. Alisema mtu yeyote ana ruhusa ya kusimamisha mlipuko, hata mpishi, na hakuna atakayemuuliza kwa nini mpaka kila mtu awe salama.

Nikayakariri yote. Aliponisimamisha niliyarudia bila kukosa hata neno, naye akasema vizuri sana, mwalimu. Tangu siku hiyo jina langu kazini likawa Mwalimu. Niliketi nimeridhika. Kukariri nilikujua tangu darasa la kwanza, na nilidhani ndiko kuelewa.

Mwenzangu wa geti la upande wa Kasulu alikuwa mtu mzima wa kunizaa, nami nikamwita baba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani sana, yeye akapata uraia, akalima, akafanya biashara ya ndizi kwa baiskeli, kisha akawa mlinzi katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mpaka ilipofungwa na watu wakahamishwa au kurudishwa kwao. Redio alizijua kuliko sisi sote. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuweza kuanza kumwambia mtu jambo kabla ya kumwamkia. Kwetu Buha, nchi ya Waha, salamu huikati kama kamba. Unauliza mtu ameamkaje, nyumbani wameamkaje, mvua imeonekana upande wao, na yeye anakuuliza hayohayo. Baba alibonyeza kitufe na kuanza, "Mwakeye, Mwalimu," na huku geti langu lina malori saba yanapiga honi. Bosi akamkataza. Baba alitii, lakini haikumkalia vizuri. Akaanza kunisubiri asubuhi pale lori la wafanyakazi liliposhushia watu, ananiamkia salamu ndefu ya kutosha siku nzima, ndipo anakwenda getini kwake roho imetulia.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Nikifungulia magari upande wangu, nilitazama la mwisho linavyoingia, nikabonyeza, nikahesabu moja, nikasema: gari la mwisho ni lori la kijani, limebeba matofali. Baba akarudia: lori la kijani, matofali. Lori hilo likitoka kwake, ananiambia limetoka, na yeye ndipo anafungulia ya kwake. Kwa miezi hiyo yote hatukugonganisha hata pikipiki, na niliona hiyo ni sifa yangu.

Waenda kwa miguu na watu wa baiskeli hatukuwasimamisha. Hakuna aliyetuamuru hivyo, wala aliyetukataza. Walipita pembeni, kwenye ukingo, wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi au magunia ya udaga wa mihogo, wamejiinamia, na sisi tuliwasalimia tukageukia magari. Ndivyo barabara zetu zilivyo. Gari likija, mwenye baiskeli anashuka kwenye majani bila kuambiwa. Mshika bendera kutoka mji mkubwa huenda angewazuia. Sisi wa pale, tuliokua tukiwaona wakishuka kwenye majani, haikutujia akilini.

Siku za baruti tulifunga njia yote. Tulikuwa tumeshalipua mara tatu bila shida, na mara zote tatu ilitokea tu kwamba hakukuwa na baiskeli. Mara ya nne ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na foleni upande wangu ilikuwa ndefu kwa sababu basi la Kibondo lilikuwa limefika pamoja na malori ya soko.

Nilipitisha kundi la mwisho. Lori la bluu lililobeba mbao liliingia nyuma ya wenzake, na nyuma yake, ukingoni, alipita baba mmoja mzee kidogo akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya udaga. Nilimwamkia. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani na fimbo ya nyuma, kwa hiyo aliniitikia kwa kidevu, akatabasamu, akaendelea. Nikageuza kibao kikawa SIMAMA, nikavuta kamba ya geti, nikabonyeza nikasema gari la mwisho ni lori la bluu, mbao. Baada ya muda baba wa geti la Kasulu akasema lori la bluu limetoka. Bosi alikuwa upande huohuo wa Kasulu, nje ya mawe, kwenye kibanda cha magogo alikokaa yeye na fundi wa baruti na kile kimashine cha kulipulia. Akaniita, akaniuliza kama njia ni tupu. Nikajibu, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba njia ni tupu.

King'ora cha kwanza kikalia. Hicho kilikuwa cha kuwatoa mafundi. Kikalia cha pili, cha kunyamazisha redio: walio ndani ya mawe wazizime, walio nje wasiseme neno bila hatari. Cha tatu ndicho kingelia kabla ya mlipuko, na kati ya cha pili na cha tatu fundi alikuwa akikagua nyaya zake kwa dakika kama kumi.

Dakika chache zilikuwa zimepita mama mmoja aliposhuka kwenye basi, kitenge amejifunika kichwani kwa ajili ya jua, akaja getini kunigombeza. Alisema tunawaonea watu wa basi. Alisema kuna mwenye baiskeli tumempitisha, amemwona kwa macho yake, na wao wenye wagonjwa na watoto tumewaacha wakaukie pale. Nilikuwa na jibu tayari, maana kwa majibu sijambo. Nikamwambia:

"Mama, baiskeli siyo gari."

Nikasikia nilichosema. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Maneno yalitoka, yakanifikia masikioni. Lori la mbao lilikuwa limetoka. Yule baba aliyekuwa nyuma yake, anayesukuma mzigo kupanda mlima kwa mwendo wa kobe, hakuna mtu aliyesema ametoka, kwa sababu hakuna mtu aliyesema ameingia.

Niliruka kamba nikakimbia kuelekea kwenye kona. Nilitaka kuona. Hata sasa nikijiuliza kwa nini sikubonyeza palepale getini, jibu ni kwamba nilitumaini nimekosea, na niliona aibu kumsimamisha bosi kwa kitu ambacho sijakiona. Nilipoyafikia mawe ya chokaa mkono ulizungusha swichi wenyewe, redio ikazima. Nikapita, nikazunguka kona.

Alikuwa pale. Alikuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye fimbo, chini kabisa ya ukingo wa mwamba, penye kivuli kizuri, naye amechuchumaa anafunga upya mpira uliolegea kwenye gunia la nyuma. Kutoka pale niliposimama palikuwa kama hatua mia mbili. Juu ya kichwa chake, kwenye mwamba, niliziona nyaya za manjano zikishuka kutoka shimo hadi shimo. Nikapiga kelele atoke. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Aliinua kichwa, akaniona, akanipungia mkono wa salamu, akarudi kwenye mpira wake.

Ninaandika haya nimekaa kwenye kiti, chai iko pembeni, nayo imepoa. Kila kitu mwilini kiliniambia nimkimbilie. Ningemfikia tungekuwa wawili ndani, na hakuna mtu nje anayejua. Redio ilikuwa mkononi, kidole kiko juu ya swichi, na maneno machache tu yangemaliza jambo. Lakini nilikuwa ndani ya mawe na nyaya zilipita pembeni ya mtaro, nazitazama. Ningebonyeza hapo, huenda ningemuua mwenyewe, kwa kidole changu, nikiwa ninamtazama. Nilichokikariri chini ya turubai mikono nimekunja kilinirudia chote kwa sauti ya bosi, polepole vilevile, kama vile hapakuwa na haraka.

Nikamgeuzia mgongo. Nikakimbia kumwacha.

Sijawahi kufanya jambo lililonichoma kama lile. Nilikimbia nikirudi nilikotoka, viatu vya kazi vizito, kofia ikaanguka sikuiokota, na kila hatua niliyopiga ilikuwa hatua ya kumwacha mtu chini ya baruti. Nilisikiliza king'ora cha tatu kwa mwili mzima. Nilipita mawe ya chokaa, nikapita hatua nyingine kadhaa ili niwe na hakika, nikawasha redio. Ilitoa mlio wake mdogo wa kuamka. Nikaisimamisha wima mbele ya mdomo, nikabonyeza, nikahesabu moja. Hiyo moja ndiyo namba ndefu kuliko zote nilizopata kuhesabu, na nilitamani kuiruka, ila nilijua nikiiruka neno la kwanza litaliwa.

"Simamisha, simamisha, simamisha. Mtu yuko ndani, chini ya mwamba."

Nikaachia. Kuachia kulikuwa kugumu kuliko kubonyeza, kwa sababu nilitaka kuendelea kusema, kueleza, kuomba radhi, na nikifanya hivyo hakuna ambaye angeweza kunijibu. Redio ikakwaruza kidogo, ikanyamaza. Kisha sauti ya chini ya mtu wa Mbeya ikaja, bila haraka yoyote.

"Geti la Kibondo, nimesikia simamisha. Mtu yuko ndani, chini ya mwamba. Tumesimamisha."

Nikaketi chini katikati ya barabara. Nililia, na sikulia kwa adabu. Nilikuwa nimewahi kukerwa na kila neno ambalo mtu yule alituambia turudie, na hayo maneno yangu aliyonirudishia yalikuwa matamu kuliko kitu chochote nilichopata kusikia kwenye redio ya aina yoyote. Kilichofika kwake nilikijua. Hakukuwa na haja ya kubahatisha. Yule mama wa basi aliyenigombeza alikuwa amenifuata mpaka nje ya geti, akanikuta hapo, akaninawisha uso kwa maji ya chupa yake bila kuuliza neno. Sikumshukuru vya kutosha siku ile, na nimekuwa nikimshukuru tangu hapo.

Ilichukua muda kabla ya kuruhusiwa kumfuata mzee. Fundi alizing'oa nyaya kwenye kimashine chake, akaziunganisha ncha kwa ncha zisipokee kitu, akatia ufunguo wa kimashine mfukoni. Ndipo bosi akaniita: redio nizime, niingie, nimtoe kwa upande wangu. Nikarudia: ninazima, ninaingia, ninamtoa upande wangu.

Nilimkuta mzee bado anahangaika na mpira wake. Nilimwamkia kwanza. Nilikuwa na kila sababu ya kutomwamkia, lakini huwezi kumfikia mtu mzima na kumwambia simama twende, hata baruti ikiwa juu yake. Akaniitikia, akaniuliza nyumbani wameamkaje. Nikamjibu wameamka vizuri, nikamwambia baba, hapa ulipokaa panalipuliwa, hukusikia king'ora? Alikuwa amevisikia, vyote viwili. Akanitazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"King'ora si ni cha magari, mwanangu?"

Tuligeuza baiskeli tukarudi naye taratibu, yeye usukani, mimi nasukuma nyuma, na tulipokuwa tumeyapita mawe meupe ndipo alipogeuka akaniambia kwamba aliniona nikija, halafu akaniona nikimkimbia. Alidhani nimeona nyoka. Nikamweleza kwamba redio haibonyezwi karibu na zile nyaya. Alitikisa kichwa na kusema kumbe.

Niseme ya bosi kwanza, maana ndiyo niliyoyaogopa. Alikuja kwa pikapu akizungukia njia ya shambani. Nilikuwa nimeshajua la kusema, na nililisema kabla hajashuka vizuri: mtu huyo nilimwona akiingia, nilimwamkia, nikasema njia ni tupu. Sikusema hakuonekana, wala sikusema alichepuka, ingawa vyote viwili vingeweza kuaminika na vilinijia ulimini. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudia, kama kawaida yake: ulimwona, ulimwamkia, ukasema njia ni tupu. Nikasema ndiyo. Nilisubiri kufukuzwa na nilikuwa nimeshavua reflekta.

Akaniambia niivae. Alisema kosa la kutohesabu watu wa baiskeli lilikuwa lake kabla halijawa langu, kwa sababu ametufundisha kusema gari la mwisho kwa miezi na hakuwahi kujiuliza nani anapita nyuma ya hilo gari. Alisema wengi wangebonyeza palepale walipomwona. Halafu akakaa kwenye tairi la akiba la pikapu, akafuta uso kwa leso, na nikaona leso imelowa jasho. Nilifurahi kuiona. Kuanzia alasiri ile kila chenye miguu au magurudumu kilihesabiwa kwenye geti zote mbili, na kilichoingia kilitajwa, na hakuna aliyefungua mdomo kusema njia ni tupu mpaka kila kilichotajwa kimetoka. Malori yalilalamika sana. Baba wa geti la Kasulu alizipenda kanuni mpya, kwa kuwa zilimpa sababu ya kuzungumza na kila mpita njia.

Ajira yangu ya ualimu ilitoka baadaye, nikapangiwa shule huku Kibondo, na ninafundisha darasa la tatu. Huwa nawarudishia watoto maneno yao. Wananichoka, najua. Wananitazama mikono wamekunja.

Lakini siku ile ilikuwa na kipande kingine. Fundi aliunganisha nyaya upya, bosi akarudi kibandani kwake, na geti baada ya geti tukahesabu kila mtu aliyekuwa nje, na yule mzee tukamtaja. King'ora kikalia mara tatu. Mimi na mzee tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa nyasi nyuma ya geti langu, baiskeli yake imeegemea kwenye pipa la maji. Mwamba ukapasuka. Ardhi ilipiga teke kutoka chini, kisha ukaja mngurumo, kisha vumbi likapanda juu ya kona, refu, la rangi ya udongo wetu. Baada ya hapo zilisikika ngumi za mawe yakitua barabarani, moja moja, mengine makubwa, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Watu wa basi walishangilia. Mzee alihesabu mawe yale kwa masikio, nilimwona midomo ikicheza.

Alipomaliza nikamwambia. Sikutaka ajue kwa mtu mwingine, na sikutaka aende sokoni Kasulu akiwa ananishukuru kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikisababisha.

"Baba, nilikuona unapita. Sikukuhesabu."

Aliniondolea jani la nyasi lililoshika kwenye reflekta yangu, akalitupa.

"Hata mimi sikujihesabu, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kiha.

Akaniomba nimshikie baiskeli ainuke, kwa sababu miguu ilikuwa imemkataa. Niliishika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono mwingine, ikanilemea upande, ikabidi niweke bega, na nyonga, na miguu nitanue. Nilikuwa nimewaona watu wa mizigo hiyo wakipita tangu utoto wangu na sikuwahi kujua ilikuwa mizito kiasi kile. Alichukua muda wake kuinuka. Nilisimama nimeibeba mpaka akashika usukani mwenyewe.